Mama Mkwe na Wataalamu wa Gazetini

...lakini ulichoniambia ni kweli, dada Neema, ndoa ni tamu mno! Shikamoo. Hapa Uru mlimani ni ukungu na mtori wa ndizi wa moto kila siku.

Juzi gazeti lilitoa habari aliyoiandika Aloyce wangu kuhusu mfereji wa kijiji unaokauka kwa mabadiliko ya tabianchi. Nikamsomea mama mkwe. Jina la mume wangu halikuwepo, wameweka "Na Mwandishi Wetu" tu, na maneno yote aliyomweleza mama wamewapa "wataalamu".

"Wataalamu gani?" mama akaja juu. "Walikula ndizi kwangu lini?"

Nilicheka, Aloyce hakucheka. Akashuka Moshi kumwambia mhariri kwamba bila majina haandiki tena. Niliogopa kibarua kitaota nyasi! Mhariri amekubali, ila anataka na majirani wahojiwe na kutajwa, kwa hiyo kipenzi changu anazunguka vijiji vya juu wiki nzima.

Najivunia huyu mwanaume mpaka basi. Ila nalala nimekumbatia sweta lake, na mchana mama anaongea Kichagga na kuku wake, mimi sina wa kunijibu. Kabla mwezi huu haujaisha nakuja kwako, dada, unisuke tupige soga mpaka usingizi utushinde.

Mdogo wako, Upendo