Santuri ya Kwanza ya Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Huku tunaendelea vizuri, ila Baba hatoki tena kitandani. Paa la studio limeshazibwa. Yale magodoro aliyoyapigilia ukutani kuzuia kelele alipoanza kurekodi nyimbo za asili, kampuni kubwa zikimcheka, bado yapo.

Jana tulipata mgeni, mwanamke wa makamo. Mama yake ndiye aliyeimba kwenye santuri yetu ya kwanza, kisha akafariki siku alipomzaa yeye. Mgeni hakuwahi kuisikia sauti ya mama yake. Nikamwekea. Wimbo ulipoisha, mwimbaji akacheka, akasema, “Ngojeni nipumue, huyu mtoto ananipiga mateke.”

Mgeni akashika meza. “Huyo ni mimi,” akasema polepole.

Ndugu yangu, hata kuizima mashine nilisahau.

Baadaye nilimuuliza Baba kwa nini hakuyakata maneno yale.

“Wale wa kampuni kubwa waliniambia nikate,” akanijibu. “Lakini mtoto naye alikuwamo.”

Kuhusu hilo wazo lako la kuuza studio, njoo umwambie Baba wewe mwenyewe. Mimi kinywa kimekuwa kizito.

Anayekungoja,
Dada yako