Namba Isiyo na Kivuli

Mama Akinyi,

Bado nakaa kwenye kiti cha pembeni. Chako nimekiacha pale mbele ya kompyuta ya dirishani, na mteja akitaka kukikalia namwambia mguu wake umelegea. Binti yako aliniachia funguo baada ya mazishi, akasema duka la kuchapa liendelee vile vile ulivyoliendesha, kisha akarudi Kisumu. Alisema hivyo kana kwamba ni jambo jepesi.

Nakuandikia kwa sababu kile kitabu kimetoka. Kile cha wafugaji wa Subukia, cha magonjwa ya ng'ombe, ulichokuwa ukikichapa hadi siku ulipopelekwa hospitali. Bwana Kiprono, katibu wao, alikuja kushukuru akiwa na viatu vilivyojaa matope, na hakukuwa na mtu wa kumrudisha mlangoni ajipanguse. Nilikukumbuka sana hapo.

Lakini kitabu kilikaribia kutoka kibaya, Mama, na hilo ndilo nataka ulijue.

Siku zangu za kwanza kwako nilijiona fundi. Nikafungua faili yako moja nikakuta namba za kurasa zimepakwa kijivu huku na huku, nikakuambia mashine imeingia virusi. Ulicheka mpaka ukavua miwani. Kisha ukavuta kiti ukanieleza. Kila mahali kitabu kinapomwambia msomaji atazame ukurasa fulani, wewe hukuandika namba kwa mkono. Uliiunganisha na sura yenyewe, ili sura ikihama, namba nayo ihame. Halafu uliingia kwenye mipangilio ukaiambia kompyuta ionyeshe marejeleo hayo kwa kivuli cha kijivu wakati wote, hata kama hakuna aliyeyabofya. "Kwa karatasi haitokei," ukaniambia. "Hiyo ni yetu sisi wawili."

Enzi za taipureta ulikuwa ukizungushia namba hizo penseli nyekundu. Kompyuta zilipokuja, wenzako wa mtaa huu walikimbilia kadi za harusi za kumetameta. Wewe ulitafuta penseli yako ndani ya mashine mpaka ukaipata. Sijui mtu mwingine ambaye angehangaikia kitu ambacho mteja hatakiona kamwe. Na lile neno lako sikulisahau: "Kama haina kivuli, mimi siamini. Hata kama ni mimi nimeandika."

Wiki moja baada ya kukuzika, Bwana Kiprono alileta sura mpya ya sileji, jinsi ya kukata mahindi mabichi na kuyahifadhi yawe lishe ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Alitaka iingie katikati ya kitabu. Nikaiingiza, kurasa zikasukumana, nikaamuru namba zote zijisahihishe, zikajisahihisha. Mwenye mitambo ya kuchapa vitabu alikuwa akimpigia Kiprono simu, Kiprono akinipigia mimi. Nilikuwa nimeshika flashi yenye faili mkononi tayari kumpa Kiprono.

Nikaiweka chini. Nikafanya kama wewe, nikaanza ukurasa wa mwisho nikirudi nyuma, ili habari isinibebe, macho yakitafuta kijivu tu. Na pale kwenye sura ya dalili nikakuta sentensi hii: ng'ombe akivimba tumbo upande wa kushoto, usingoje, tazama ukurasa wa 19. Namba ilikuwa nyeupe, haina kivuli. Nikafungua ukurasa wa 19, nikakuta sileji.

Unajua mama yangu yuko Kabazi na ng'ombe mmoja. Nilimwona mawazoni akipekua kitabu kwa mikono iliyolowa, mnyama akigumia chini, naye anasoma namna ya kukata mahindi. Tumbo la namna ile halimpi mtu nafasi ya kutafuta tena.

Nilikasirika. Nilidhani ni Kiprono aliyegusa faili. Ndipo nikaona nafasi mbili baada ya kila nukta, aya nzima, kama taipureta ilivyokufundisha, na ambazo siku zote ulirudi kuzipunguza kabla hatujachapa. Hii aya hukuirudia. Ni ile uliyoiandika siku uliponituma Subukia kuchukua picha za ng'ombe, nikashangaa kwa nini picha zisitumwe kwa simu. Sasa naelewa: hukutaka nione vidole vyako vilivyovimba. Vidole vikachoka, vikarudi kwa mazoea yao ya zamani, vikaandika namba vyenyewe.

Nilifunga mlango nikalia, Mama. Kwa uchungu, ndiyo, lakini pia kwa fahari. Hata ulipokuwa huna nguvu ya kujikagua, ulikuwa umeshaniachia macho yako.

Niliiunganisha ile namba na sura yake. Ikawa 24, na kijivu kikatokea. Zile nafasi mbili nilitaka kuzipunguza, mkono ukakataa. Kwa hiyo ziko kwenye kila nakala, katika aya ile ya dalili. Mama yangu anayo moja, imening'inia kwa uzi mlangoni mwa zizi.

Pumzika sasa, mwalimu wangu. Kesho nitakaa kwenye kiti chako, na hicho cha pembeni nitamwekea atakayekuja kujifunza. Kitu cha kwanza nitakachomwonyesha ni kijivu. Cha pili, nitamwambia asiniamini.

Wako,
Njeri