Kumbukumbu ya Mzee Evasio Mombello, na Nafasi Iliyobaki Kando Yake

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile kiwanda cha sukari kilipopiga king'ora cha kufungua msimu. Uliondoka kama ulivyoishi, bila kumwuliza mtu kama wakati unafaa. Ulituachia mjane, mashamba ya miwa iliyoiva, na salami, zile soseji zetu za kukaushwa, za mwaka mzima zikining'inia kaburini kwako, zote bado mbichi.

Wanaosoma hapa Tulara hawahitaji kuelezwa. Wengine watuvumilie kidogo, tutafika hapo.

Ulitoka Piemonte, Italia, ukiwa kijana, ukaja huku Australia, kaskazini mwa Queensland, kukata miwa kwa panga kabla mashine hazijaja. Mgongo ukapinda na haukunyooka tena, nawe ukasema umepinda kwa adabu. Mgeni hakutoka kwako mikono mitupu hata mara moja. Mafuriko yalipokuja na majirani wakapanda juu ya mapaa, ulipita na mashua ukiwagawia mkate na salami, na aliyekushukuru sana ulimfokea, “Kula kwanza, maneno baadaye!” Treni ya miwa ilipopita nyuma ya nyumba uliivulia kofia, na dereva akakupigia honi. Bado anapiga, Baba. Na mbwa wako Moka bado anatoka kuangalia ni nani anayeitwa.

Bei ya sukari ilipopanda, wenzako walijenga nyumba za matofali. Wewe ulijenga kaburi. Marumaru ilitoka Italia kwa meli, mlango ukawa wa chuma wenye nakshi, na ndani ukaweka vitanda viwili vya mawe vinavyotazamana, chako na cha Mama. Sisi tuliendelea kuishi kwenye nyumba ya mbao, bati likivuja juu ya meza ya chakula.

“Walio hai wanavujiwa, wafu wamewekewa marumaru!” Mama alilalama, akisogeza sufuria chini ya tone. “Haya, we mzee, kufa basi, tuhamie!”

Hukufa. Ulikuwa na shida nyingine. Joto na unyevu wa huku vilikuharibia salami kila mwaka, zikaota ukungu kabla hazijakauka. Siku moja ulikwenda kufagia kaburi, ukasimama mle ndani, ukahisi ubaridi wa mawe na upepo ukipita kwenye nakshi za mlango. Ulirudi nyumbani mbio, na mgongo wako ule ule. Tangu siku hiyo salami za ukoo wa Mombello zilikaushwa makaburini. Nev Halloran, mlinzi wa makaburi, alifumba macho na kufumbua mdomo, nawe ukaujaza salami kila Agosti.

Ni Mama peke yake aliyekataa katakata. Mama ni Msisilia. Alikwisha kukuvumilia ukila salami bila mbegu za shamari, jambo ambalo kwao halina msamaha, lakini hili lilimshinda.

“Mimi Agatina sitalala kwenye stoo ya soseji,” alisema. “Nizikeni kule kwenye makaburi ya Waayalandi, udongoni. Sitaki kufika mbele ya Mungu ninanuka vitunguu saumu.”

Akamkataza fundi kuchonga jina lake. Mbele ya watu ulicheka. Ila sisi tulikuona kila Jumapili baada ya misa, ukimshika kiwiko na kumwuliza, “Tina, bado?” Naye anajibu, “Bado.” Mnaenda nyumbani. Ilikuuma sana, Baba. Tulijua, kwa sababu Jumapili hukuwa na nguvu hata ya kubishana na mtabiri wa hali ya hewa redioni.

Siku ya mwisho hospitalini uliacha mzaha. Ulimwambia, “Usiniache peke yangu mle ndani, Tina. Kuna baridi.”

“Si ndiyo maana ulipapenda?” alikujibu. Kisha akatoka nje ya chumba, akalia ameikumbatia mashine ya kuuzia soda. Hilo hukuliona, ndiyo maana tunakuambia.

Siku ya mazishi, kwa huzuni tuliyokuwa nayo, hakuna aliyekumbuka kilichomo. Padri Tierney alikuwa mgeni, ndiyo kwanza amefika kutoka Melbourne. Mwanao Dario alifungua mlango, na mji mzima ukaziona zimening'inia dari nzima, zikinukia.

Padri alitazama juu. “Hivi… hivi ni vitu gani?”

“Urithi, Padri,” akasema Dario.

Padri akabaki ameinua maji ya baraka hewani, hajui amwagie wapi. Ndipo Mama alipoondoa leso usoni.

“Nyunyiza, Padri, nyunyiza. Ila kidogo tu. Zikilowa zitaoza.”

Watu waliangua kicheko, halafu kilio, halafu vyote pamoja. Waliokubeba waliinama kupita chini ya salami, nawe ukaingia kwako. Hatukuzitoa. Zilikuwa hazijakauka, na wewe ulikuwa na uchungu nazo. Agosti ilipofika tulizila nyumbani, na Padri Tierney, baada ya kipande cha tatu, akauliza kama kuna utaratibu wowote wa kubariki za mwaka unaofuata.

Mwaka huu Dario, ambaye tangu utoto anaamini kila shida ina mashine yake, alinunua kabati la umeme la kukaushia nyama, lenye kioo na taa ya buluu.

“Mambo ya makaburini yameisha, Mama,” alisema. “Tuishi na wakati.”

Popo wakatua kwenye nyaya za umeme, nyaya zikalipuka, mji ukakaa gizani, na salami zikaota manyoya ya kijani. Moka alizinusa akaenda zake. Mama alimpigia simu muuza nguruwe, akamwambia alete mwingine.

Wiki iliyopita alivaa gauni lake la kanisani, akachukua ufunguo wako kwenye msumari nyuma ya mlango, akatwambia tumpeleke. Tulimbebea ndoo hadi kwenye mlango wa chuma.

“Ngojeni kule kwa Nev,” alisema. “Nyinyi mna masikio marefu.”

Tunayo kweli, na tulimsikia.

“Haya, mzee, nimekuletea kazi. Usije ukasema nimekuacha unakaa bure. Hizi za upande wako hazina shamari. Umeshinda, furahi. Lakini hizi za upande wangu nimezitia shamari, tena ya kutosha, na leo sijui utanifanya nini.”

Halafu kimya. Kimya kikawa kirefu mpaka Dario akataka kukimbilia ndani, dada yake Loredana akamkamata shati.

Mama alipotoka, gauni lilikuwa limejaa vumbi mgongoni kote, na utando wa buibui umenasa kwenye nywele. Alikuwa amelala, Baba. Alijilaza kwenye kitanda chake cha jiwe, akageukia upande wako, akapima.

“Panatosha,” alisema, akijipangusa. “Na baridi yenyewe si kubwa hivyo, alikuwa anadeka tu. Mwiteni fundi wa mawe.”

Kwa hiyo lile swali lako la kila Jumapili limepata jibu, nasi tunalitangaza hapa gazetini, Tulara yote ikiwa shahidi, ili Mama asije akageuza maneno.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii, na baada yake wote mnakaribishwa nyumbani kwa chakula. Salami bado, tafadhali msituulize kabla ya Agosti.

Wanaokukumbuka ni mkeo Agatina, wanao Loredana na Dario (kabati lake linauzwa, bei ya maelewano), mkweo Shelley, wajukuu zako Tegan na Jarrod, Nev Halloran, aliyeomba mwenyewe atajwe, na Moka. Huwezi kusahaulika, Baba, kila treni inapopita tunakutaja.

Na jina la Mama limeshachongwa kando ya lako. Mahali pa tarehe pako wazi, na amesema usimharakishe.