Jiwe la Zaina

Jumanne, 7 Septemba 1954

Alhamdulillah, nimerudi salama kutoka Nachingwea. Lori limejaa unga, maharage, chumvi na mafuta ya taa. Njia mbaya — vumbi mpaka ndani ya ndevu. Siku nne tu sikuwapo kambini, na katika siku hizo nne mambo yamegeuka.

Sijakung'uta kanzu, Gaudens mpishi akanidaka mkono. "Nyapara, umekosa! Bwana Mawe kaimba!" Mimi sikuamini. Tangu Juni tunatembea na huyu Bwana, Mzungu wa serikali mtafuta madini, kutoka Ruponda hadi huku Ruangwa. Anagonga jiwe, anaandika, anagonga jingine. Kucheka hajui. Leo kweli anapiga mluzi hemani. Wamepata jiwe jeupe lenye dhahabu! Punje yenyewe ndogo kama mbegu ya tumbaku, anasema Gaudens, lakini Saburi ameiona na Saburi hadanganyiki, amefanya kazi machimbo ya dhahabu ya Lupa miaka saba.

Nikauliza wamelipata wapi. Gaudens akanyoosha upawa kuelekea kilimani. Kule tulikohama mwaka ule kisima kilipokauka.

Nikajiambia, kilima ni kikubwa.

Jumatano, 8 Septemba

Si kikubwa. Vigingi vimepigwa katikati ya makaburi yetu.

Mgeni hawezi kujua, nisimlaumu. Hatukuweka uzio wala majina. Miaka sita ya majani na miiba, matuta yote yameshalala. Kilichobaki ni yale mawe meupe, mamia, yanachomoza majanini kama meno. Na vibarua ni watu wa Mkotokuyana na mbali zaidi, nani angemwambia? Mimi ndiye wa hapa. Na mimi nilikuwa Nachingwea nahesabu magunia.

Bwana Mawe alinieleza kwa furaha kama mtu aliyepata mtoto. "Isihaka, jiwe lililosafiri na maji linalainika kama sabuni. Haya, tazama — makali! Hayajasafiri. Basi mama yao yuko hapa hapa, chini ya miguu yetu." Mama yao ni mshipa wa jiwe jeupe ulio ardhini, Saburi anauita rifu. Halafu akafungua ramani ya zamani ya Mdachi. Pale kilimani pana alama, nyundo mbili zimepishana. Anasema huyo Mdachi aliona kitu lakini hakuchimba vya kutosha. Jumatatu tunaanza mtaro, kina cha kimo cha mtu, urefu hatua sitini.

Kisha akatoa mfukoni lile jiwe lenyewe. Akalilamba! Ndiyo desturi yake, jiwe likilowa anaona vizuri kwa kile kioo chake cha kukuzia. Akanipa na mimi nione.

Lina mstari wa kutu, umepinda, kama kovu la chanjo ya ndui. Nilihitaji kioo gani? Ni mimi niliyelibeba kichwani mwaka 1944 nikaliweka juu ya mwanangu Zaina.

Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mwaka ukitimia, unamletea marehemu jiwe jeupe kutoka shamba lake mwenyewe. Si la mtoni, si la jirani. Ili asijione mgeni kule alikolala.

Bwana akaniuliza kama naumwa. Nikasema vumbi la Nachingwea, Bwana. Ee Mola, nisamehe.

Alhamisi, 9 Septemba

Namkumbuka baba. Yeye ndiye aliyembebea yule Mdachi sanduku la mawe, kabla ya vita vya kwanza. Mdachi aliona mawe meupe kilimani, akaamuru wachimbe. Wazee walijua ni makaburi. Wakanyamaza, kwa kuwa aliogopwa. Walichimba mpaka ukatoka mguu wa mtu na sanda imeoza. Ndipo Mdachi akafunga mizigo. Hakupata hata chembe. Shimo lipo mpaka leo, na baba mpaka anakufa hakupita njia ile. Alikuwa anasema, "Nilikuwa na mdomo siku ile."

Sasa nina mdomo mimi. Siku zimebaki tatu.

Kinachonifunga si woga wa Bwana tu. Nikisema mawe yamebebwa, ataniuliza yamebebwa kutoka wapi. Hilo lenye dhahabu limetoka shambani kwangu, upande wa chini, palipo na mikorosho arobaini ya mke wangu Biasha. Maua yake mwaka huu yameshikana kama nyuki. Na kilicho chini ya ardhi ni cha serikali, hilo nalijua, nimesoma mpaka darasa la nne.

Chakula nimekiacha sahanini. Saburi ananitania eti nyapara amerudi na mchumba wa Nachingwea moyoni. Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, uongo mtupu.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimekwenda nyumbani Nandagala kwa swala ya Ijumaa. Baada ya swala nikamweleza Mwalimu Shaibu, anayetusalisha. Hakuzunguka. Akasema maiti hana wakili isipokuwa aliye hai, basi nenda kaseme. Nikamwambia habari ya shamba. Akakuna kichwa. "Hilo kamuulize mwenye mikorosho."

Biasha alikuwa anapalilia. Nilimweleza yote, na jinsi jiwe lilivyolambwa. Akaacha jembe, akashika mdomo — nilidhani analia. Kumbe anacheka! "Amemlamba Zaina wangu? Mzungu huyo ana njaa gani?" Halafu akalia kweli.

Nikasema, mama Zaina, nikifungua mdomo, mikorosho hii inaweza kung'olewa. Akaitazama, mmoja mmoja. Kisha akaniambia maneno ninayoyaandika nisije nikayasahau: "Baba Zaina, mkorosho nikipanda leo, mwaka wa tatu nakula. Zaina nikimfukua leo, nitampanda wapi?"

Nilichota maji nikaoga, nikajisikia mwepesi. Bado sijasema lakini mwepesi.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimesema! Alhamdulillah, alhamdulillah.

Nilimkuta Bwana Mawe anakunywa chai. Nikavua kofia, nikaivaa tena. Nikasema, Bwana, yale mawe kweli hayakusafiri na maji. Yalisafiri kichwani.

Hakuelewa. "Kichwa gani?"

"Vichwa vyetu, Bwana. Pale ni makaburi. Kila jiwe limeletwa na mtu, kwa mtu wake. Chini hakuna mshipa. Kuna watu."

Akaweka kikombe chini. Gaudens aliyekuwa anapepea moto akaacha, pepeo likiwa hewani. Bwana akauliza, na Mdachi? Nikamwambia Mdachi naye alidanganyika vilevile, baba yangu alikuwa mpagazi wake. Nikamweleza habari ya ule mguu.

Nilingoja anifukuze. Badala yake akaitandaza ile ramani, akaitazama ile alama ya nyundo, akaanza kucheka mpaka machozi. "Miaka arobaini na zaidi! Wakubwa wote wa ofisi ya madini Dodoma wanaiamini alama hii. Kumbe tumechora makaburi ya Wamwera!" Mara akaacha kucheka, akasema kwa sauti ndogo, nisamehe. Bwana mzima ananiambia nisamehe. Akamwita Saburi akang'oe vigingi vyote sasa hivi.

Nilidhani tumemaliza. Nikageuka niende zangu. Akasema, "Isihaka. Jiwe lenye dhahabu — la nani?"

Hapo shetani alikuja, nakiri. Angeweza kunishika kwa neno moja tu: sijui. Mawe ni mamia, nani angenipinga? Lakini nilifikiri, nimetoka kuwatetea wafu kwa ukweli, nitamtetea mkorosho kwa uongo?

Nikasema, "La mwanangu, Bwana. Nalifahamu kovu lake. Nililileta kaburini kwake kutoka shambani kwangu. Ni mwendo wa saa nzima kutoka pale."

Hakupiga mluzi. Akasema kesho ni Jumapili, tupumzike sote.

Jumapili, 12 Septemba

Nimelala kama gogo. Wiki nzima sijalala hivi.

Kichekesho! Gaudens, baada ya kurudi misheni kusali, amekuja kwangu amejikunja kama mtoto aliyevunja chungu. Kumbe mafiga yake matatu, yale aliyopikia wiki nzima, ameyaokota kule kilimani. "Meupe, nikaona mazuri. Nyapara, nimewapikia maharage juu ya babu zenu!" Nikamwambia labda walikuwa na baridi. Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Ameyabeba mwenyewe kuyarudisha. Yameungua, yana masizi, basi tukayasugua na majivu kijitoni. Yametoka wapi hasa hatukujua, tukayaweka kando ya njia ya kuingilia. Gaudens akapiga ishara ya msalaba, akasema amewaombea na wa kwetu leo, nisikatae. Sikukataa. Dua ni dua.

Jumatatu, 13 Septemba

Leo ilikuwa siku ya mtaro. Hakuna mtaro! Badala yake vibarua walifyeka majani na kufukia mashimo ya vigingi. Bwana mwenyewe alishika panga. Kwenye ramani yake mpya amechora mviringo na kuniuliza aandike nini ndani. Nikamwambia, andika Makaburi. Akaandika kwa herufi kubwa ili atakayekuja baada yake asipotee. Baba angeona hilo!

Kisha akatoa jiwe la Zaina. Dodoma lazima walione, akasema, hawezi kuwapelekea hadithi tupu. Akanipa nyundo. "Pasua wewe."

Nilisoma Bismillahi. Likakatika vizuri, kando ya ule mstari wa kutu. Nusu yenye punje ameifunga kwenye kitambaa na kuandika namba. Nusu nyingine nimempelekea Zaina mwenyewe, nikaiweka upande wa kichwani. Nikamwambia, mwanangu, nusu yako imesafiri kwenda Dodoma, baba yako hajafika huko. Nilikaa pale mpaka alasiri. Sikuwa na huzuni. Miaka kumi na moja, na leo nimekaa naye bila haraka.

Alhamisi, 16 Septemba

Bwana Mawe amefika shambani kwetu. Kwa adabu — alipiga hodi, akakaa kwenye kiti, akanywa uji wa Biasha. Akasema atachimba mashimo matatu madogo kati ya mistari, mti hataugusa. Mchanga wake utaoshwa kwenye karai. Ukiwa mtupu, anafukia na kuondoka. Ukiwa na kitu, ataandika barua Dodoma, na baada ya hapo si yeye anayeamua. Hakuficha. Nashukuru hakuficha.

Biasha akamuuliza kama kweli alimlamba mwanawe. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Bwana akawa mwekundu kama pilipili. "Ndiyo, mama." Biasha akamwongezea uji.

Jumamosi, 18 Septemba

Naandika hapa hapa shambani, daftari juu ya goti, nimeegemea mkorosho. Mashimo mawili ya kwanza matupu. Ulanga tu. Vibarua walipiga kelele ulipong'aa, Saburi akawabeza: "Nyamazeni, washamba! Kinachoelea na kumetameta ni ulanga. Dhahabu haina maringo, inazama."

La tatu lilikutana na jiwe jeupe chini, limesimama wima, lina kutu. Bwana alipiga magoti. Mama yao, nafikiri.

Sasa Saburi yuko kijitoni na karai. Naliona linavyozunguka, maji ya udongo yanamwagika ukingoni kidogo kidogo. Nimejaribu kuomba karai liwe tupu, dua haikuja. Imekuja nyingine tu, ya shukrani. Wa kilimani wamelala. Hilo nimeshapewa, halirudishwi.

Biasha amekaa karibu yangu, anaokota maua yaliyoanguka, anatenga yaliyo mazima. Anauliza, mvua zikija tupande simsim huku chini au tungoje. Nimesema tu—

Saburi ameacha kuzungusha. Ameinama. Anaita, "Nyapara!" Siwezi kuuona uso wake kutoka hapa.

Biasha amesimama, amekung'uta kanga, amenipa mkono niinuke. "Baba Zaina, funga daftari. Twende tukaone wote wawili."