Fainali ya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Kocha amekuja nyumbani. Jumamosi klabu ya ndondi itamkumbuka Baba, mwaka mmoja tangu atutoke, na anataka mimi nisome wasifu wake. Mimi! Nimekubali kabla Mama hajafungua mdomo. Nimeanza hivi: “Baba yangu alikuwa fundi rangi mchana na bondia wa ridhaa jioni. Alishinda fainali moja kubwa.” Mama amesoma, akaenda kuanua nguo. Nguo bado mbichi.

Jumatano, 5 Juni

Mwalimu wetu husema tarehe haikisiwi, huhakikiwa. Basi nimepita klabuni, nikaomba daftari la matokeo. Fainali nimeiona. Baba alishindwa! Kwa pointi. Mshindi: Nyundo.

Nimesoma mara tatu. Mwandiko ni wa kocha, na kocha ndiye anayetusimulia kila akija jinsi Baba alivyoshinda! Nimeondoka bila kuaga. Si adabu, najua.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemuuliza Mama akiwa kwenye cherehani. Ameangua kicheko — mwaka mzima sijakisikia!

“Wewe ndiye uliyempa ushindi, mwanangu.”

Nilikuwa na miaka sita. Baba aliingia jicho limefumba kwa uvimbe, akaniambia, “Hujamwona mwenzangu alivyoumia!” Akanibeba mabegani, akazunguka nami sebuleni mpaka jirani akagonga ukuta. Kesho yake nikalitangazia darasa zima kwamba Baba ameshinda, kamvunja mtu taya. Mwalimu akaja kumpongeza, na Baba akashindwa kuniumbua. Na medali yake, mbona ya fedha? Alisema dhahabu ni ya meno. Nikaamini! Kocha, baba mdogo, majirani, wote wakameza siri kwa ajili yangu.

“Sasa niandike nini, Mama?”

“Andika unachoweza kusoma bila kuinamisha macho.”

Nimeandika upya: alishindwa, akarudi nyumbani anacheka. Baba mdogo amekuja juu. “Umuangushe marehemu mbele za watu? Unamvua nguo kaka yangu!”

Nimezihifadhi karatasi zote mbili.

Jumamosi, 8 Juni

Niko ukumbini, kiti cha mbele. Naandika huku nikisubiri kuitwa. Nina karatasi mbili: ya ushindi na ya kweli. Baba mdogo amenikazia macho kutoka ng'ambo ya ukumbi.

Pande la mtu, unga kwenye kola, limeketi kando yangu. Kajitambulisha: Nyundo! Siku hizi anaoka mikate. Nimempa karatasi zote mbili. Nani mwingine wa kumuuliza? Amesoma polepole, kidole kwenye mstari. Akasema ya kwanza haimuudhi tena; miaka minane mtaani kwetu anaulizwa kama taya limepona. Loo, aibu! Kisha akaigonga ya pili.

“Hii ina pengo, binti. Raundi ya pili baba yako alinilaza chali. Refa akahesabu hadi nane. Baba yako mwenyewe yuko kwenye kona, anampigia mama yako mluzi! Nikaamka kwa hasira tu. Angenyamaza, nisingeamka.”

Nimemgeukia Mama. Amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Anacheka!

Nyundo ameikunja ile ya ushindi, akaitia mfukoni mwake. “Hii nipe mimi.”

Naongeza pembeni ya ile nyingine: raundi ya pili, hadi nane, mluzi. Baba mdogo ameinuka, anakuja huku. Mshereheshaji ananiita. Ngoja kidogo, sijamaliza mstari —