Inchi za Kukulia

Kasulu, 14 Januari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mvua zinanyesha na maharage yanatoa maua. Goti lako linaendeleaje? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, na nusu nyingine unajaza mwenyewe.

Juzi tumerudi kutoka Mwanza na mjukuu wako. Akimana ana miaka tisa sasa, na watoto wa darasa la kwanza wanamwita mdogo wao. Daktari alimpiga picha za mifupa, akasema huenda ni kitu cha kurithi, jeni moja ya mifupa isiyofanya kazi sawasawa. Akanishika na mimi mkono, hapa kati ya kiwiko na kifundo, akasema ni mfupi kuliko kawaida. Nikakukumbuka wewe unavyokata mikono ya kila shati unalonunua.

Dawa ipo. Ni homoni ya kukuza, sindano ndogo kila siku kwa miaka kadhaa, kabla mifupa haijafunga na kuacha kurefuka. Kuna wafadhili wanaowapa watoto wachache bure, na mwezi wa tatu watachagua. Ila wanataka kujua amekua kiasi gani kila mwaka, na kadi yake ya kliniki ililiwa na mchwa. Nimekumbuka daftari lako la vipimo. Alipokuwa kwako, wakati mimi niko chuo cha ualimu, ulikuwa unampima kila Januari kabla ya kumshonea sare. Naomba uninakilie.

Sogokuru, yaani babu, kama Akimana anavyokuita, anasalimiwa sana.

Mwanao,
Vestina

*

Kibondo, 23 Januari 2024

Mwanangu Vestina,

Marahaba, na salamu za kwetu, mwakeye, kwenu nyote hapo nyumbani. Goti linalalamika, mwenyewe silalamiki.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwa hiyo ufupi wangu ni ugonjwa. Basi nimeugua miaka sitini na tisa bila kujua. Nilivuka mpaka pale Mabamba kwa miguu nikiwa mkimbizi, cherehani ya baba yangu kichwani, nikamuoa marehemu mama yako, mrefu vile, ambaye vijana wote wa kambi walimtaka, na bado nilikuwa mgonjwa. Sindano kila siku kwa mtoto asiye hata na homa! Haya, ninyi ndio mliosoma.

Vipimo nimenakili kama vilivyo kwenye daftari, kutoka utosini hadi kisiginoni. Januari 2020, inchi 37. Januari 2021, inchi 39 na nusu. Januari 2022, inchi 42. Umeona mwenyewe, mtoto anakua. Mwambie mchumba wangu kwamba babu bado hajaoa mwingine.

Baba yako,
Bazilio fundi

*

Kasulu, 10 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia.

Daktari aliweka vipimo vyako pamoja na cha mwaka huu, inchi 43. Kwako Akimana alikuwa anaongezeka inchi mbili na nusu kila mwaka. Kwangu, miaka miwili, ameongezeka inchi moja. Daktari akaniuliza taratibu, mtoto akiwa amekaa hapohapo, nyumbani tunakula nini. Akauliza nani anabaki naye nikiwa shuleni, na kama kuna mtu anampiga. Anasema mwenye jeni ile hakui vizuri halafu akasimama ghafla, kwa hiyo kuna jambo limempata tangu ahamie kwangu. Mtu wa ustawi wa jamii atakuja kutukagua. Nafasi yetu ya dawa wameiweka kando hadi mwisho wa Aprili, baada ya hapo anapewa mtoto mwingine.

Kwenye basi la kurudi kutoka Mwanza Akimana aliniambia, "Mama, mimi huwa nashiba." Alilirudia neno hilo mpaka Kakonko.

Tulipita Kibondo na sikushuka kukusalimu. Nisamehe. Niliona aibu kwamba wewe, mzee peke yako, uliweza kumlea mwanangu na mimi nimeshindwa.

Vestina

*

Kibondo, 2 Aprili 2024

Mwanangu,

Sikuulizi hali yako, najua niliyoifanya. Barua yako ina wiki tatu juu ya meza ya cherehani, na kila nikishika kalamu najikuta nashika mkasi.

Hujashindwa kitu. Vipimo vya daftari ni vya uongo, na mwongo ni mimi.

Mwaka 2020 nilimpima sawasawa. Mwaka uliofuata alikuwa ameshajua namba. Alisimama ukutani, amekaza shingo, akaniuliza, "Sogokuru, nimefika ngapi?" Niliona uso wake, mwanangu, na nikashindwa. Nikakunja inchi moja ya tepu chini ya kisigino chake, nikamsomea pamoja na hiyo. Akataka aone ninavyoandika, nikaandika. Mwaka 2022 nikakunja mbili. Gauni la shule tunalikata kubwa, la kukulia, na kila mzazi anafurahi. Nikajisemea na hizi ni inchi za kukulia, atazifikia tu.

Ukweli ni huu: 37, halafu 38 na nusu, halafu 40. Ni inchi moja na nusu kila mwaka, kwangu na kwako vilevile.

Lililo baya zaidi ni kwamba niliponakili nilijua. Nilikuwa na hasira. Nilifikiri wakiona anakua watamwacha alivyo, na alivyo ni kama mimi. Sikujua kwamba lawama ingekuangukia wewe.

Nipeleke kwa huyo daktari, nitasema mwenyewe. Na mkono wangu aupige picha. Jumatatu nitakuwa stendi ya Kibondo tangu asubuhi. Mkipita tena bila kushuka sitakulaumu, ila basi lisimame nami nipande.

Baba yako

*

Kasulu, 19 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti limepona safari ya Mwanza? Huku sote wazima.

Nilikukasirikia siku nne, na siku ile kwenye basi nilijifanya nimelala ili nisizungumze nawe, hilo ulilijua. Halafu nikakuona umekunja mkono wa shati mbele ya madaktari vijana watatu, unawaambia, "Pimeni, na mwandike mlichokiona." Zile picha za mikono yetu mitatu zilipowekwa pamoja, hasira yangu iliisha. Nimekusamehe, Baba, na nakupenda.

Majibu ya damu yamerudi. Ni jeni ileile kwetu sote watatu. Akimana amepewa nafasi, na mtu wa ustawi haji tena. Dawa inataka baridi, kwa hiyo inakaa kwenye friji ya dukani kwa jirani yetu Mama Shadia, ndani ya kopo lililoandikwa jina la Akimana. Sindano ya kwanza niliogopa mimi, yeye akanishika mkono.

Lakini kuna jambo. Daktari alisema dawa haitamfanya twiga, pengine atafika urefu wako au akupite kidogo. Tangu hapo Akimana ameng'ang'ania kwamba akikufikia kwa urefu sindano ziishe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikimpita, Sogokuru atabaki mfupi peke yake." Jana alikataa kuchomwa pajani mpaka nimuahidi. Sikuahidi. Nimjibu nini?

Mwanao,
Vestina

*

Kibondo, 26 Mei 2024

Mwanangu Vestina,

Marahaba. Mimi mzima kabisa. Barua yako niliifungua wateja wakiwapo, ikabidi nitoke nje, nikawaambia ni vumbi la kitambaa machoni.

Miaka yote hii nilidhani mtoto akitaka urefu anakwepa kufanana nami. Kumbe ananihurumia. Msomee haya yafuatayo, polepole.

Akimana, mchumba wangu, mpe mama paja. Ukifika kwangu usisimame. Nipite, hata kwa nywele tu, nami nitawaita wote wa sokoni waje waone. Usiogope kwamba nitabaki chini. Bibi yako alikuwa mrefu, na miaka thelathini na minane niliinua kichwa kumtazama, sikuchoka hata siku moja.

Sogokuru wako,
Bazilio