Roshani ya Ukumbi wa Pamba

Mwanza,
3 Julai 1961

Ponsian,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nairobi na masomo yako yanakwenda. Sisi hapa hatujambo. Adventina hajambo. Sijamwambia kwamba nakuandikia, nitamwambia ukijibu.

Tangu nilipomwoa dada yako bila ridhaa ya baba yenu hujaniandikia. Sikulaumu, na leo sikuandikii kwa jambo hilo. Nakuandikia kwa sababu ya kazi, maana sina mtu mwingine wa kumwuliza.

Chama cha wakulima wa pamba kinajenga ukumbi hapa mjini, na mimi ndiye msimamizi. Mhandisi Mzungu aliyechora ramani amekwisha rudi kwao, na vitabu vyake amechukua. Ndani ya ukumbi, juu ya mlango mkubwa, ramani inaonyesha roshani. Mbele yake kuna boriti ya zege inayoshikwa na nguzo mbili tu, moja kila upande. Boriti hiyo haikunyooka. Imepinda kama upinde, tumbo linaelekea jukwaani. Katika ramani roshani imeandikwa kuwa mahali pa makarani na madawati yao. Sasa kamati imebadili. Wanataka siku ya Uhuru, mwezi wa kumi na mbili, watu wasimame pale juu.

Naomba mambo mawili. Kwanza, kitabu cha kanuni kinasema tuhesabu uzito gani kwa watu waliosimama na kucheza? Pili, boriti iliyopinda namna hii huhesabiwaje? Kitabu changu cha shule ya ufundi kinaishia kwenye boriti zilizonyooka. Nimeambatanisha vipimo vyote.

Ni mimi shemeji yako,
Jumbe Abeid


Nairobi,
29 Julai 1961

Bwana Jumbe,

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima.

Kuhusu uzito: kwa ofisi, kanuni inataka ratili hamsini kwa kila futi ya mraba. Kwa mahali ambapo watu hukusanyika bila viti vilivyofungwa chini, ratili mia moja. Kwa hiyo kamati yenu imeongeza mzigo mara mbili bila kuongeza hata nondo moja. Nimekunakilia ukurasa mzima kwa mkono, kwa kuwa kitabu hakiruhusiwi kutoka maktaba.

Kuhusu boriti: nimeihesabu kama iliyonyooka, na hata mzigo wa watu inaubeba, ingawa kwa shida. Lakini haikunyooka. Tumbo lake likibeba mzigo, boriti hutaka kujisokota kule kwenye nguzo, kama nguo inavyokamuliwa. Hesabu ya kusokotwa siijui vizuri, na sitaki kukudanganya.

Niambie: zile ringi za chuma zinazozunguka nondo zimepangwa umbali gani karibu na nguzo? Zimefungwa pande zote au ziko wazi juu? Na zege limekwisha mwagwa?

Ponsian Lwakatare


Mwanza,
14 Agosti 1961

Shemeji,

Salamu. Ahsante sana kwa ukurasa uliouandika. Hatujambo, ila mvua imeanza kabla ya wakati wake na saruji inashika unyevu stoo.

Zege limemwagwa. Nilitaka tungoje jibu lako, lakini Mzee Mayala, mwenyekiti wa chama, alisema siku zinakwisha. Ringi ziko mbali mbali, futi nzima kati ya moja na nyingine, na ziko wazi juu. Ramani ndiyo inavyoonyesha. Mhoja, nyapara wetu, aliniuliza siku ya kuzifunga kama tuzisogeze karibu zaidi. Nikamwambia tufuate ramani.

Juzi nilimweleza Mzee Mayala habari ya ratili mia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Jumbe, wakulima wametoa pamba yao kwa ukumbi huu. Unataka siku ya Uhuru tuwafungie ngazi?"

"Nataka tujue kwanza, mzee."

"Basi ujue upesi."

Jambo lingine ni afadhali ulisikie kwangu. Kina mama wa chama wana kikundi cha kuimba, na Adventina ndiye anayewafundisha. Kamati imeamua kwamba siku hiyo wataimba na kucheza pale pale, kwenye roshani. Nimemwambia yote unayoniandikia. Amesema atasimama mahali wenzake watakaposimama.

Je, huko chuoni kwenu mnaweza kutengeneza mfano mdogo wa boriti hii na kuupima?

Shemeji yako,
Jumbe


Nairobi,
20 Septemba 1961

Shemeji Jumbe,

Salamu kwako na kwa Adventina. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vimechubuka kwa saruji.

Nimetengeneza mifano miwili kwa saruji na mchanga laini, na nyaya badala ya nondo. Mmoja nimeunyoosha, mwingine nimeupinda kama ramani yako. Ringi nimezipanga kama ulivyosema. Nikaning'iniza vyuma vya mizani kidogo kidogo. Ulionyooka ulibeba mzigo wa makarani, ukabeba na mzigo wa watu. Uliopinda ulibeba mzigo wa makarani bila neno. Nilipokaribia mzigo wa watu ulipasuka kwenye nguzo, na ufa wenyewe haukushuka wima. Ulizunguka boriti kimshazari, kama kamba kwenye kifurushi. Kisha ukavunjika ghafla. Sikupata hata nafasi ya kuondoa mkono vizuri.

Mwalimu wangu ametazama. Anasema mfano mdogo si boriti yenyewe, zege lenu linaweza kuwa bora au baya zaidi, lakini yeye asingemruhusu mtu kucheza juu yake. Dawa ni kuongeza nguzo mbili chini ya tumbo la boriti. Mwanza mwamba uko karibu, msingi hautawasumbua.

Mimi ni mwanafunzi. Sahihi yangu haina thamani kwa kamati yenu, lakini maneno haya unaweza kuwasomea.

Mwambie Adventina asipande pale. Au usimwambie kwamba ni mimi niliyesema, nisije nikamfanya apande.

Shemeji yako,
Ponsian


Mwanza,
30 Oktoba 1961

Shemeji Ponsian,

Salamu, na pole kwa mkono. Sisi wazima. Mvua haikatiki, wanaovuka kutoka Kamanga wanasema maji ya ziwa yamepanda mpaka kwenye njia ya miguu.

Niliisomea kamati barua yako. Mmoja akasema nguzo mbili zitawaziba watu wasione jukwaa. Mwingine akauliza kama wewe ni yule shemeji ambaye hakuja kwenye harusi yangu.

Mzee Mayala alinipa karatasi niandike kwamba roshani ni salama, nitie sahihi. Nikakataa. Hakukasirika. Alinivuta kando akasema, "Mimi sikusoma. Mzungu alichora, wewe ulijenga, mtoto wa Nairobi anasema hapana. Nimwamini nani?"

Nikamwambia, "Usimwamini mtu, mzee. Tupandishe magunia ya mchanga mpaka yafikie uzito wa watu. Yakikaa, nitatia sahihi mbele yako na mke wangu atapanda."

Kamati imekubali, kwa kuwa wana hakika yatakaa. Tutapima Jumamosi ya tarehe 18 Novemba. Kama una la kuniambia, liwahi.

Shemeji yako,
Jumbe


SIMU YA MAANDISHI
NAIROBI, 11 NOVEMBA 1961

JUMBE ABEID MWANZA = SIMAMISHA MIRUNDA CHINI YA BORITI KABLA YA MZIGO = IACHE NAFASI NDOGO ISIGUSE = MTU ASIPITE CHINI HATA WEWE = PONSIAN


Nairobi,
2 Desemba 1961

Shemeji Jumbe,

Natumaini mko wazima. Tarehe 18 imepita na sijapata neno. Nasikia maji yamekata njia sehemu nyingi, kwa hiyo pengine barua yako iko mahali inangoja. Simu yangu ilifika?

Kama boriti ilikaa, niambie tu ilikaa. Sitaona vibaya kukosea. Nimeirudia hesabu kwa njia nyingine ambayo mwalimu alinionyesha, nikapata jibu lile lile, lakini hesabu huweza kupatana hata zote zikiwa na kosa lile lile.

Naomba Adventina aniandikie mwenyewe, hata mstari mmoja.

Shemeji yako,
Ponsian


Mwanza,
17 Desemba 1961

Shemeji Ponsian,

Salamu nyingi. Barua yako ya tarehe 2 imefika jana. Adventina ni mzima, mimi ni mzima isipokuwa bega. Nilichelewa kukuandikia kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umefungwa, na jambo hili sikutaka mtu mwingine aniandikie.

Simu yako ilifika. Mhoja na vijana wake wakasimamisha mirunda ya mkaratusi. Kamati ililalamika kwamba tunaweka miti ya kudanganyia, mpaka nilipompa Mzee Mayala karatasi aipitishe kati ya mti na boriti, akaona ikipita.

Tulianza kupandisha magunia asubuhi. Mpaka mzigo wa makarani, kimya. Tukala. Tukaendelea, na kila safu tulingoja. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, wengine wakicheka. Ufa ulitokea upande wa kushoto, ukazunguka boriti kama ulivyoandika. Nilipaza sauti waliokuwa juu washuke. Walishuka wote ila Mhoja, aliyekuwa akivuta gunia la mwisho lililonasa kwenye ukingo. Nilipanda kumvuta. Tulikuwa kwenye ngazi boriti ilipovunjika. Ilikalia mirunda, ikainama, haikuanguka. Magunia kadhaa yaliteremka, moja likanipata begani.

Hakuna aliyekufa. Mhoja hana hata mkwaruzo.

Mzee Mayala alikaa juu ya gunia chini pale, mvua ikinyesha nje. Akasema, "Umenivunjia ukumbi, Jumbe."

"Ni magunia, mzee."

"Naona ni magunia."

"Siku ile wangekuwa kina mama."

Wiki iliyofuata kamati iliniachisha kazi. Wamesema zege lilikuwa baya, na msimamizi wa zege ni mimi. Mzee Mayala alikuwapo kwenye mkutano huo. Hakunitetea, wala hakunitazama. Sasa niko kwenye karakana ya baba, napiga randa kwa mkono mmoja.

Uhuru tuliupokea kiwanjani, matopeni. Bendera ilipopanda watu walilia. Kina mama waliimba wakiwa wamevua viatu, Adventina mbele. Nilisimama mbali kidogo. Mtu mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake, "Huyo ndiye aliyevunja ukumbi." Sikugeuka. Nilikuwa nawahesabu waimbaji, wote walikuwapo.

Adventina anasema hatakuandikia mstari mmoja. Anasema ukitaka neno lake, unajua anakokaa.

Shemeji yako,
Jumbe


Nairobi,
28 Desemba 1961

Ndugu yangu Jumbe,

Pole kwa bega na pole kwa kazi. Mwalimu wangu ameisoma barua yako mara mbili kwa msaada wangu. Atawaandikia kamati kwamba zege halikuwa na kosa, kosa lilikuwa mzigo na ringi. Sijui kama watakurudisha. Usiingoje barua hiyo sana.

Nimemwandikia baba Bukoba pia. Nimemweleza habari ya roshani tangu mwanzo: nani alitakiwa kusimama juu yake, na nani alikataa kutia sahihi. Hajajibu. Huenda asijibu. Mimi sikumwomba ruhusa safari hii.

Chuo kimefungwa mpaka katikati ya Januari. Nitashika treni mpaka Kisumu, kisha meli. Nikifika bandarini usije kunipokea na bega hilo. Nitauliza njia ya karakana ya Mzee Abeid. Nataka kwanza unipeleke nikauone ule ufa kwa macho yangu, kama bado hawajaibomoa boriti. Baada ya hapo nataka kula kwenu. Mwambie Adventina apike chochote anachopika siku zote.

Kaka wa mkeo, na wako,
Ponsian